Kadi ya sauti ya kurekodia udi nyumbani: FireWire au USB?

Mpiga Udi, Lamu: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nataka kurekodi udi na uimbaji nyumbani, Langoni, kwa laptopu ya Windows yenye tundu dogo la pini nne la FireWire, ule muunganisho wa zamani wa kompyuta na vifaa. Kuna mtu Malindi aniuziaye kadi ya sauti ya nje (kifaa cha kuingizia sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta) ya FireWire, iliyotumika, kwa bei nafuu, ila adapta yake ya umeme imepotea. Je, itanifaa?

Jirani wa Mkomani: Waalaikum salaam. Usiinunue. Tundu la pini nne hupitisha data tu, si umeme kama lile la pini sita, kwa hiyo kadi hiyo haitawaka. Na hata ukipata adapta, utahangaika na draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. USB 2.0 yatosha kabisa: njia mbili za sauti, za biti 24 kwa kilohezi 48 (kiwango cha kawaida cha kurekodi), huhitaji takriban megabiti 2.3 kwa sekunde, ilhali uwezo wake ni 480.

Fundi Sauti, Malindi: Naafiki. Hakikisha tu kwamba kadi hiyo ya USB ina volti 48 za kuwasha maikrofoni ya kondensa (ile nyepesi kunasa sauti) na draiva ya ASIO, ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti, ya Windows yako, kisha uichomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Feni uizime, maikrofoni hiyo husikia hata kucha ikigusa uzi.

Mpiga Udi, Lamu: Nimeghairi, natafuta ya USB. Je, matundu mawili ya maikrofoni yatosha?

Fundi Sauti, Malindi: Yatosha: moja la udi, moja la mwimbaji. Ngoma mtairekodi baadaye.