MREJESHO: Data ghafi za upepo wa juu nimezipata

Wakuu, niliuliza wapi rubani anaweza kupata namba zenyewe za upepo wa juu, si ramani zenye rangi. Asanteni, nimefanikiwa.

Nimezichukua kwenye seva ya NOMADS ya NOAA, shirika la serikali ya Marekani la hali ya hewa na bahari. Modeli yao ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, GFS, inafunika dunia nzima na huendeshwa mara 4 kwa siku, saa 00, 06, 12 na 18 za UTC (saa ya kimataifa), na data ni bure kabisa. Uzuri ni kwamba kuna kichujio: unachagua upepo tu, kimo unachotaka na kipande chako cha ramani. Nilikata eneo la Dar hadi Mwanza, faili likawa dogo hata bando langu halikustuka. Kimo humo hutajwa kwa mgandamizo wa hewa: hektopaskali 700 ni takriban futi 10,000, na 500 ni kama 18,000.

Sasa mahali nilipoumia. Faili la GRIB2 (ndio muundo wa data hizi) halikupi mwelekeo na kasi. Linakupa U (upepo kuelekea mashariki) na V (kuelekea kaskazini) kwa mita kwa sekunde. U ya -10 na V ya 0 ni upepo unaotoka mashariki, nyuzi 90, kama noti 19, yaani maili za baharini kwa saa (zidisha mita kwa sekunde kwa 1.944). Mimi nilihesabu unakokwenda badala ya unakotoka, basi upepo wa mbele ukageuka wa nyuma, na mafuta kwenye karatasi yakawa yanabaki tele! Bahati nilikuwa bado mezani.

Hayo ni makadirio ya modeli, kwa hiyo taarifa rasmi ya hali ya hewa bado naichukua kabla ya kuruka.