Liyongo "mkubwa sana, hodari sana": nawatoaje watoto kwenye "sana"?

Mwalimu_Darasa4

Wadau, salaam. Nafundisha watoto wa miaka tisa na kumi. Wiki iliyopita niliwasimulia kisa cha Fumo Liyongo, yule shujaa wa kale wa pwani yetu, kwa siku tatu, na darasa lilikuwa jii. Nilipofika pale kijana anapomchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni, mmoja alijifunika uso kwa daftari. Nikajua nimewapata.

Siku ya nne nikasema haya, sasa simulieni nyinyi. Huyu hapa mmoja, tena ni wa wale wanaofanya vizuri:

"Liyongo alikuwa mkubwa sana. Alikuwa na nguvu sana. Mfalme wa Pate alimchukia sana. Akafungwa, akatoroka. Mtoto wake alikuwa mbaya sana, akamuua. Mama yake akalia sana."

Sana tano, nimezihesabu. Basi nikaandika ubaoni vivumishi ishirini, shupavu, jasiri, katili na vinginevyo, nikawaambia kila mtu atumie angalau vitano. Nilichopata: "Liyongo alikuwa mrefu mnene shupavu jasiri hodari." Kama tangazo la kumtafuta mtu aliyepotea! Nifanyeje?

Kibatari

Wasome zaidi, basi. Msamiati hauna njia ya mkato.

Mwalimu_Darasa4

Wanasoma, ndugu yangu. Maneno wanayajua, wakiulizwa maana wanasema. Wakisimulia ndiyo hayatoki.

BibiWaNgano

Mwanangu, mimi nimestaafu ualimu lakini wajukuu hawajanistaafisha, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyafanya.

Kwanza hiyo orodha ifute. Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili. -Kubwa, -refu, -zuri na ndugu zao, ukiwaandika wote hawajazi ukurasa. Lugha yetu inapamba zaidi kwa vitenzi, kwa tanakali za sauti, kwa kukuza na kudogosha (mtu akawa jitu), na kwa kutaja vitu vyenyewe. Wewe umewapeleka watoto kuchota kwenye kisima chenye maji machache kuliko vyote.

Anza na mfuko wa Liyongo. Wahenga hawakusema tu ana nguvu. Walisema mfuko wake ulipofunguliwa vilitoka kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Mimi nilileta kinu darasani. Nikamwambia msichana mmoja, mwembamba lakini mbishi, akinyanyue. Akakikumbatia, akakaza shingo, akakiinamisha upande mmoja, kikarudi chini ki! Akafuta mikono kwenye sketi akasema, "Kimekataa." Hilo neno sikuliacha lipotee. Kwenye masimulizi yao likawa: "Kinu kinachomkataa mtu, yeye alikitia mfukoni, akaongeza na mchi wake." Hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja hapo, na nguvu unaziona.

Halafu wafanye watende. Kijana aliingiaje alipokwenda kumchoma baba yake? Mtoto wangu mmoja alisema "aliingia polepole sana." Nikamwambia aingie basi tumwone. Akavua viatu, akapita kati ya madawati kwa ncha za vidole. Wenzake wakalipuka: "Ananyata!" Mwingine: "Hapana, ananyemelea!" Wakabishana karibu robo saa, na mimi nikawaacha, maana hilo ndilo somo. Mwishowe wakakubaliana kuwa kunyata ni habari ya miguu, kunyemelea ni habari ya yule anayeviziwa. Usiku ule kijana alifanya yote mawili.

Gerezani nako usipite haraka. Wafumbe macho. Mama yake Liyongo kaficha tupa, kile chuma cha kukerezea, ndani ya mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, kwa sababu mikate mizuri walinzi walikuwa wanaila wao. Nje ngoma inarindima ili sauti ya tupa isisikike. Uliza: giza lilikuwaje? Totoro. Tupa inalia vipi kwenye pingu? Pingu zikianguka? Hapo waache wabuni sauti zao wenyewe.

Ila jihadhari, tanakali zina ulevi. Nilikuwa na mvulana aliyeweka "pu!" kila sentensi, hadi mfalme alipokaa kitini akakaa pu. Nikamwekea sharti: moja kwa kila tukio, ichague vizuri.

Msomaji_wa_pembeni

Shikamoo Bibi. Nakubali karibu yote, isipokuwa naogopa mkazo wa kupamba ukizidi. Mwisho wa kisa hiki ni mkavu, na unapendeza kwa ukavu wake: Liyongo ameshachomwa, anashika upinde, anapiga goti kisimani, mshale umeelekezwa, anafia hapohapo. Watu hawathubutu kwenda kuteka maji. Mama yake anakuja kumbembeleza, hajibu. Siku zinapita, ndipo anaanguka. Mtoto akitia hapo tashbihi tatu kaharibu. Wafundisheni na mahali pa kunyamaza.

BibiWaNgano

Marahaba. Hapo umesema kweli, na ningeongeza: waulize wenye kiu wanaona nini kwa mbali. Goti, upinde, mshale. Yatosha.

Mwalimu_Darasa4

Nimerudi. Kinu sikupata, nikatumia ndoo iliyojaa mchanga, na imetosha kabisa. Waliojaribu kuinyanyua wamelowa jasho chapachapa. Kwenye kunyata na kunyemelea wametupigia kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia mlangoni.

Bibi, sauti ya tupa ilitupeleka mbali. Kila mmoja alikuwa na yake, tukasikiliza moja moja tukiwa tumefumba macho. Iliyoshinda ni "kwaru, kwaru" ya yule mtoto aliyejifunika uso kwa daftari, kwa sababu alikuwa ananyamaza ngoma ikinyamaza. Hilo sikumfundisha mimi.

Yule wa sana tano nimemsimamisha tena. Kaanza hivi: "Kijana akavua viatu. Akanyata. Baba yake kalala fofofo, kifua kinapanda, kinashuka. Sindano ikazama kitovuni. Liyongo akafumbua macho." Akatulia, akanigeukia: "Mwalimu, kwenye 'ikamuuma' naomba sana moja."

Nimempa.