Kitako cha raifali ya urithi: nirekebishe cha zamani, nichonge cha mninga au ninunue cha faiba?

Mjukuu_wa_Manyoni
Mbukwenyi wakuu. Babu alituachia raifali ya kuwindia, Mauser ya Kijerumani yenye bolti ya mfano wa 98, inayotumia risasi ya 9.3x62 (kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita). Mirathi imekamilika na kibali kimetoka kwa jina langu, kwa hiyo upande huo uko sawa. Chuma nacho kizima: bolti inateleza vizuri na ndani ya mtutu mifuo (ile mistari inayoizungusha risasi) inaonekana bila kutu. Kilichochoka ni mbao. Kitako kimepasuka pale shingoni mkono unaposhika, na ufa unaanzia nyuma ya mkia wa chuma, yaani ule ulimi wa chuma unaoishia nyuma ya bolti. Ukikikunja kidogo unafunguka kiasi cha unywele kupita. Mbao yenyewe pale imekuwa nyeusi tii kwa mafuta.

Nimeona njia tatu: kuziba ufa na kubaki na mbao ya babu, kuchonga kitako kipya cha mninga, au kuagiza cha faiba kutoka nje. Nipo Dodoma mjini. Ningependa ibaki na sura ile aliyokuwa akiijua babu, lakini usalama kwanza. Mnashauri nini?

Kizigo
Pole kwa msiba, kaka, na hongera kwa kuitunza. Risasi hiyo ina historia yake huku kwetu. Ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, ikilengwa kwa walowezi na wawindaji wa makoloni ya Wajerumani Afrika. Ilienea kwa sababu inaingia kwenye Mauser ya kawaida. Kichwa chake cha kawaida, kile kinachoruka, kina uzito wa gramu 18.5 hivi, kwa hiyo teke lake ni zito.

Kabla hujachagua mbao, jiulize kwa nini hiyo imepasuka. Chini ya chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kuna kijino cha chuma kinachoegemea ukuta wa mbao, na teke lote linatakiwa kuishia pale. Ukuta huo ukilegea, chuma kinarudi nyuma na ule mkia unaipiga shingo ya kitako kama kabari kwenye gogo. Ndiyo maana ufa wako umeanzia hapo hapo. Dodoma inachangia pia: mvua zinakatika Aprili, halafu ni ukavu hadi Desemba. Mbao inasinyaa, skrubu mbili zinazoshika chuma zinalegea, na watu wanaendelea kupiga hivyo hivyo.

Kwa hiyo hata ukiweka kitako kipya cha mbao ghali, kama kijino hakijakaa vizuri utarudi hapa na ufa ule ule.

Seremala_Nkuhungu
Mzee Kizigo kasema kweli. Mimi nizungumzie mbao, ndiyo kazi yangu.

Mninga ndio chaguo la kwanza, na si kwa sababu ni wa nyumbani. Ukikauka vizuri hauchezi sana, yaani hausinyai na kuvimba ovyo, na uzito wake unakaribiana na walnati ya Ulaya iliyotumika kwenye bunduki nyingi za zamani, kama kilo 640 kwa mita moja ya ujazo. Mizani ya bunduki haitabadilika sana. Mkongo ni imara lakini mzito zaidi. Mtiki una mafuta yake ya asili, gundi inausumbua. Mpingo usiufikirie kwa kitako kizima, ni mzito mno, unazama majini; kata kipande kidogo tu cha ncha ya mbele ya kitako, utapendeza.

Ukienda kununua, usiangalie rangi, angalia nyuzi. Pale shingoni nyuzi ziende sambamba na mkono, kutoka mbele hadi nyuma. Zikikatiza mshazari, kitavunjika hata kiwe kinene namna gani. Mbao nyeupe ya nje ikatae, chukua moyo wa mti. Na hakikisha ina alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na risiti, usije ukabeba mbao ya magendo.

Dada_Mpwapwa
Naomba niitetee faiba maana naona inapigwa chini haraka. Natumia raifali yenye kitako cha faiba na sijawahi kukaza skrubu kwa sababu ya jua au mvua. Hakisinyai, hakivimbi, na vingine vina kipande kigumu cha alumini ndani ambacho chuma kinakaa juu yake. Kwa mtu anayetembea porini kwa kazi, mimi sioni mjadala.

Ila kaka, kwa bunduki hiyo yako nisingekiweka. Kwanza vingi ni vyepesi, na bunduki ikipungua uzito teke linaongezeka, utahitaji raba nzuri begani. Pili, Mauser za zamani hazifanani zote. Kitako kilichoandikwa kwamba ni cha 98 kinaweza kufika ukakuta nafasi ya magazini au mkono wa bolti haikai. Na ukimuuzia mtu siku moja, atauliza mbao ya awali iko wapi.

Kizigo
Asante dada. Niongeze la kuagiza: usilipe chochote nje kabla hujauliza polisi kwa maandishi. Tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na suala la vipuri si la kubahatisha bandarini. Hata kuchonga, usimwachie seremala bunduki nzima. Fundi silaha mwenye leseni ndiye afungue chuma na abaki nacho. Seremala apewe mbao ya zamani kama kielelezo, nalo mliulize kituoni kwanza. Namba zilizogongwa kwenye chuma zisiguswe kwa tupa wala msasa, ndizo zilizo kwenye kibali chako.

Mjukuu_wa_Manyoni
Nashukuru sana. Faiba naitoa. Sasa nibaki na swali moja: kurekebisha cha zamani kunadumu kweli, au ni kupaka rangi ufa?

Seremala_Nkuhungu
Kunadumu, kama mafuta yametoka kwanza. Gundi haishiki mbao iliyolowa mafuta, na hapo ndipo kazi nyingi zinapofeli. Kitako kikishavuliwa chuma, paka uji wa chaki ya unga na asitoni kwenye ile sehemu nyeusi, acha ukauke, utaona chaki imegeuka kahawia. Kwangua, rudia, mpaka ibaki nyeupe. Fanyia nje, mbali na moto, asitoni inashika haraka. Kisha fungua ufa taratibu, sukuma epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, ifike ndani kabisa, bana kwa vibano. Ikikauka, toboa kukatiza ufa na uingize pini ya shaba yenye mikunjo ya skrubu, nayo kwa epoksi.

Halafu ile ya mzee Kizigo: fundi apake masizi ya kibatari chini ya chuma, akilaze kwenye mbao, akinyanyue. Penye doa jeusi ndipo panapogusa. Anakwangua kidogo kwa patasi, anarudia, hadi ukuta wa kijino uwe na masizi sawasawa upana wote. Nyuma ya mkia aache mwanya mwembamba ili usigonge tena. Akikuta ukuta umeliwa, aujenge kwa epoksi. Ni kazi ya subira. Anayekuahidi kuimaliza jioni moja mkimbie.

Dada_Mpwapwa
Na mafuta yaliyoiharibu yanatoka kwenye mtutu wenyewe. Ukisafisha, futa yabaki kidogo tu, na mwanzoni iweke kabatini mdomo wa mtutu ukiangalia chini juu ya kitambaa, yachuruzike huko na si kwenye mbao.

Mjukuu_wa_Manyoni
Basi narekebisha cha babu, na wiki hii naenda kituoni kuuliza kuhusu fundi mwenye leseni. Ila ubao wa mninga nitaununua pia uanze kukauka hapa hapa Dodoma, ikitokea cha zamani kimegoma niwe tayari. Fundi, niuwekeje?

Seremala_Nkuhungu
Chukua wenye unene wa inchi mbili na nusu, urefu futi tatu. Paka rangi nzito au nta kwenye ncha zote mbili, maana maji hutoka haraka zaidi huko na ndiko ubao unakoanza kupasuka. Uweke ndani, kivulini, juu ya vipande vya mbao upitiwe na hewa chini, mbali na bati la paa. Upime kwenye mizani kila mwezi uandike. Uzito ukiacha kushuka, nitafute.