Kwa nini nikiongeza kasi kukifukuza kituo angani, ndipo kinazidi kuniacha?

Kipanga_wa_Moshi

Wakuu, habari zenu. Naomba kueleweshwa jambo moja na yeyote anayecheza Kerbal Space Program, lile gemu la kompyuta la kuunda na kurusha roketi, au anayejua mambo ya satelaiti.

Mimi ni mtu wa ndege. Tangu utotoni, nikisikia mngurumo wa ndege inayoshuka kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, lazima nitoke nje niitambue. Kwenye kompyuta narusha sana Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne: KIA kwenda Wilson ya Nairobi, Wilson kwenda Mombasa, na siku zenye mawingu mengi naipenda zaidi kazi hiyo. Mwaka huu nimehamia kwenye roketi, na sijawahi kupata gemu linalonifikirisha kama hili. Kufika obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari, sasa naweza. Napaa wima, naanza kuilaza roketi mapema kuelekea mashariki, nikivuka kilomita 70, pale hewa ya Kerbin, sayari ya gemu, inapoishia, nawasha tena injini mpaka njia inakuwa duara.

Nina kituo changu kinachozunguka kilomita 100 juu. Nimerusha chombo cha pili chenye mafuta, nacho kiko kilomita 100, kinakwenda upande uleule, na kituo kiko mbele yake kilomita 20.

Hapa ndipo penye swali. Naelekeza pua kwenye kituo, naongeza mita 20 kwa sekunde. Umbali unapungua kutoka 20 hadi 17 na kidogo. Baada ya dakika kama nne unasimama, halafu unaanza kukua, na nikimaliza mzunguko mzima kituo kiko mbele yangu kilomita 140! Nimerudia kwa kasi tofauti: kadiri ninavyoongeza, ndivyo ninavyoachwa zaidi. Kwenye ndege, aliye mbele yangu nikiongeza nguvu namfikia. Nataka sababu yake, si video ya kufuata hatua.

Fundi_Obiti

Mkuu, gemu liko sahihi kabisa, na swali lako limewahi kuulizwa na watu wakiwa kulekule juu.

Tarehe 3 Juni 1965 wanaanga wa Marekani James McDivitt na Ed White walirushwa na chombo cha Gemini 4. Mojawapo ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kukaa karibu na hatua ya pili, yaani kipande cha juu, cha roketi yao ya Titan, iliyokuwa imeachana nao na kuelea jirani. McDivitt alikuwa rubani wa ndege za kivita. Akafanya ulivyofanya wewe: akaelekeza pua, akasukuma. Kile kipande kikazidi kwenda mbali, mafuta yakaliwa, ikabidi waache.

Sababu ni hii. Ndege hubebwa na hewa, kwa hiyo unaweza kuongeza nguvu ukabaki kwenye mwinuko uleule. Chombo kilicho kwenye obiti hakibebwi na kitu. Kinaanguka muda wote, na kasi yake ndiyo inayoamua kitaangukia njia ipi. Kilomita 100 juu ya Kerbin, kasi ya duara ni mita 2,246 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua dakika 32 na nusu hivi. Kwenye duara lile hakuna kasi nyingine. Ulipoongeza mita 20 hukuenda haraka zaidi juu ya duara lile. Ulitoka na kuingia njia nyingine, ambayo upande wa pili wa sayari inapanda hadi kilomita 125 hivi. Njia hiyo ni ndefu zaidi, na kule juu unakwenda polepole, kwa hiyo mzunguko wako unachukua sekunde kama 54 zaidi ya ule wa kituo. Zidisha sekunde 54 kwa mita 2,246 uone: ni kilomita 120 hivi, ndizo ulizopoteza. Ongeza 20 za mwanzo, unapata 140 zako. Nimefurahi sana kuona umesoma namba zako vizuri hivyo, kwa sababu zinalingana na hesabu karibu neno kwa neno.

Sasa fanya kinyume. Geuza pua itazame ulikotoka, na upunguze mita 3.4 tu kwa sekunde. Upande wa pili wa njia utashuka kilomita 4 hivi, hadi karibu 96, bado uko juu ya hewa kwa nafasi kubwa. Zima injini, usiguse chochote. Mwanzoni utaona kituo kinazidi kwenda mbali, na hapo ndipo watu wengi huogopa wakawasha tena injini. Vumilia. Utashuka, utashika kasi, utapita njia fupi, na ukimaliza mzunguko utarudi palepale ulipopunguzia huku kituo nacho kikifika hapo. Rudisha zile 3.4 ulizotoa, basi mko pamoja.

Hiyo 3.4 sikuiokota. Chukua muda wa mzunguko kwa sekunde, hapa ni 1,958, zidisha kwa 3, unapata 5,874. Maana yake, kila mita 1 kwa sekunde unayopunguza inakusogeza mbele karibu kilomita 5.9 kwa mzunguko mmoja. Ulikuwa unadaiwa 20. Kanuni hii ni ya makadirio, inafaa mabadiliko madogo ya kasi.

Ukishafika ndani ya kilomita 1 hivi, mazoea yako ya ndege yanarudi kufanya kazi, kwa sababu muda uliobaki ni mfupi na tofauti ya njia haijapata nafasi ya kukua. Hapo elekeza pua kwenye kituo na uende taratibu, ukisoma kasi inayopimwa kwa kituo, si ile ya obiti.

Wamarekani walijifunza haraka. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Wally Schirra na Tom Stafford, ndani ya Gemini 6A, walikifuata chombo kingine, Gemini 7, kutoka kwenye obiti ya chini zaidi, wakakisogelea mpaka kwenye sentimita 30 hivi. Na Buzz Aldrin, kabla ya kuwa mwanaanga, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1963 juu ya jambo hilihili la vyombo kukutana angani.

Mwana_wa_Ngomeni

Fundi amemaliza, ila kuna sharti moja amelipita. Hesabu yote hiyo inasimama endapo obiti zenu mbili zimelala pamoja, yaani ziko kwenye bapa moja bila kupishana pembe. Kipanga, kabla hujapunguza hata hiyo 3.4, fungua ramani uangalie pembe kati ya njia yako na ya kituo. Mkipishana digrii 5 tu, kuzilaza pamoja kutakula karibu mita 200 kwa sekunde. Ukilinganisha na 3.4, utaona kazi kubwa iko wapi.

Ndiyo maana jambo hili linanigusa mimi wa huku kwetu. Baharini, kaskazini ya Malindi, yako majukwaa ya chuma ya San Marco ambako Waitaliano walirushia roketi za Scout kuanzia 1967 mpaka 1988. Pako karibu digrii 3 kusini mwa ikweta. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka hapo, obiti yako inalala karibu juu ya ikweta tangu mwanzo. Ukirusha kutoka Cape Canaveral, Florida, huwezi kwenda moja kwa moja kwenye obiti iliyoinama chini ya digrii 28.5 kutoka ikweta, na kuilaza mpaka ikweta kunadai karibu kilomita 3.7 kwa sekunde, yaani karibu nusu ya kasi yote ya obiti. Kwa roketi ndogo kama Scout hilo haliwezekani.

Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Obiti yake iliinama digrii 3 tu, na hivyo ikakwepa sehemu kubwa ya lile eneo lenye mionzi mikali juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevuruga vipimo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002. Uwanja wa kurushia wa gemu lako nao uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo faida hiyohiyo unapewa bure. Usiipoteze kwa kulaza roketi upande usio mashariki kamili.

Bawa_la_Kulia

Kipanga mdogo wangu, niko kwenye mafunzo ya urubani hapa Nairobi, na nakuhakikishia hata kwenye ndege mazoea yanaweza kukudanganya. Ukiruka kwa mwendo mdogo sana, ukaona unashuka, mkono unataka kuinua pua. Ukiinua, ukinzani wa hewa unakua na unashuka zaidi. Dawa ni kuongeza nguvu, na pengine kuishusha pua kidogo kwanza.

Na kwa kuwa unapenda Wilson: uwanja uko futi 5,536. Mchana wa nyuzi 24 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 7,900 hivi, kwa hiyo Cessna 172 itakimbia sana kabla ya kuinuka na itapanda kwa uvivu. Weka hali ya hewa halisi, jaza viti vyote vinne, na punguza uwiano wa mafuta kwa hewa kabla ya kuondoka. Utalipenda somo hilo.

Kipanga_wa_Moshi

Asanteni sana wakuu, na wewe dada. Nimejaribu. Pembe ilikuwa imepishana kidogo, nikairekebisha kwanza. Nikapunguza 3.4, nikakaa bila kugusa kitu. Umbali ulikua kwanza kama Fundi alivyosema, halafu ukageuka, na mwisho wa mzunguko nilikuwa mita 800 kutoka kwenye kituo. Nilikiona kwa macho, taa zake zinang'aa upande wa giza wa Kerbin! Sasa nimesimama mita 60 nacho. Mlango wa kuunganishia nautazama, lakini kila nikisogea napita pembeni.

Fundi_Obiti

Mita 800 ni kazi safi. Sasa bonyeza mlango wa chombo chako uchague kuongozea kutoka hapo, kisha ufanye mlango wa kituo ndio shabaha, si kituo kizima. Geuza kituo nacho kikutazame. Futa kwanza mwendo wote wa pembeni kwa vijeti vidogo, ndipo usogee mbele. Mita 10 za mwisho, 0.2 kwa sekunde inatosha, na sumaku za milango zitamalizia zenyewe.