Nimeokoka nikiwa njiani na bendi, je, niache gitaa? Naombeni ushauri

MpigaSolo
Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 34, mpiga solo. Miaka 9 nimezunguka na bendi ya dansi: Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Mbeya, hadi Kyela na Tunduma. Vyombo vya tajiri, sisi tunabeba vidole vyetu tu. Kanisani nilikuwa naingia kwenye harusi.

Mwaka huu yamenikuta mambo. Gari la bendi liliniacha Ruaha Mbuyuni, dereva wa lori la Tunduma akanibeba. Kitonga yote tumepanda kwa gia ndogo, hasemi neno. Ilula akaegesha pembeni ya wauza vitunguu, akatandika mkeka, akaswali alasiri. Aliporudi akasema, "Nimekuombea na wewe, maana hujaniambia unakwenda kwa nani." Mimi Mkristo wa jina, yeye Mwislamu, na neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Halafu stendi ya Makambako, saa tisa usiku, baridi ile mnaijua. Mama muuza maandazi akaniona natetemeka, akanifunika kitenge chake, hela akakataa.

Pasaka ndiyo ilinimaliza. Tunatoka kupiga Kyela, tukapata pancha karibu na Rungwe, ukungu mzito. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia matarumbeta. Nikafuata sauti, nikajikuta makaburini, wazee kwa watoto wanaimba katikati ya makaburi. Sijawahi kulizwa na noti nne. Mzee mmoja mwenye tromboni akanikaribisha kwake chai.

Sasa hivi naishi kwa mzee huyo, nawafundisha vijana wa kwaya gitaa. Je, mtu aliyeokoka anaweza kuendelea kupiga baa, au niache kabisa?

Kamwene
Hongera sana kaka. Gitaa halina dhambi. Zaburi 150 inasema tumsifu kwa zeze na filimbi. Dhambi ni mazingira: pombe, wanawake wa watu, kukesha. Acha baa leo hii, usigeuke nyuma.

MamaWawili
Nyie mnasema acha, mnajua watoto watakula nini? Mume wangu alikuwa mpiga besi Iringa. Alipookoka akahamia kwaya, hela ikakata siku hiyo hiyo. Nililima nyanya misimu miwili peke yangu huku yeye yuko mazoezini. Leo ana duka la vifaa vya umeme na simlaumu, lakini mwaka ule kuna usiku tumelala na uji. Mdogo wangu, una mke?

MpigaSolo
Sina mke, dada. Nina mama yangu Njombe, namtumia kidogo.

MzeeWaZamani
Mmenikumbusha Iringa ya Tancut Almasi, miaka ya 80. Kiwanda cha kukata almasi kina bendi yake, na mpiga gitaa ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine. Siku hizi kijana anazunguka nchi nzima bila hata mkataba. Inaniuma.

Fundi_Uyole
Samahani mkuu. Umesema vyombo ni vya tajiri. Sasa hao vijana wa kwaya unawafundisha kwa gitaa la nani?

Kamwene
Swali zuri hilo.

Fundi_Uyole
MpigaSolo, nasubiri.

MpigaSolo
Sikutaka tufike huko. Ni gitaa la bendi, pamoja na ampulifaya ndogo. Tulikuwa na shoo Mafinga Jumamosi, mimi nikaondoka Ijumaa usiku, sikuaga. Laini nimebadilisha.

Lakini nielewe. Tajiri hajanilipa miezi mitatu, namdai 450,000. Gitaa lenyewe mtumba, halifiki bei hiyo. Na sijaliuza, linamsifu Mungu kila Jumapili. Nimeona ni kama nimejilipa.

Kamwene
Hapana ndugu yangu. Zakayo alisimama mbele ya Bwana akasema atarudisha mara nne. Hakusema "walikuwa wananidai".

MtetaHaki
Tuache Zakayo kidogo. Akikufungulia kesi ya wizi polisi, utaanza kueleza ya mshahara ukiwa ndani. Madai ya mshahara yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu deni lilipotokea. Ukichelewa, unaomba kwanza uruhusiwe nje ya muda, na utoe sababu. Kukosa mkataba wa maandishi hakufuti deni. Tafuta meseji na mtu aliyepiga na wewe. Ila gitaa rudisha, tena mbele ya shahidi.

SinaNeno
Jamani, mnamshauri mtu wa kutunga. Dereva mcha Mungu, mama wa kitenge, kisha matarumbeta makaburini saa kumi na moja alfajiri? Nani anapiga tarumbeta makaburini usiku? Chai hii.

Ndaga
Wewe si wa huku. Wamoraviani tupo Rungwe tangu 1891. Alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini, matarumbeta yanatangulia, tunaimba ufufuo kwenye makaburi ya watu wetu mpaka jua linachomoza. Nilizaliwa nikayakuta. Mwaka baba alipozikwa, Pasaka iliyofuata nilisimama pale juu yake nikashindwa kuimba, tarumbeta likaimba kwa niaba yangu. Huyu kijana hajatunga hicho kipande.

SinaNeno
Nimekosea, naomba radhi, sikulijua hilo. Pole kwa mzee.

Fundi_Uyole
Basi swali la baa liwekwe pembeni. MpigaSolo, huyo mzee anayekulisha anajua gitaa limetoka wapi?

MpigaSolo
Hajui. Kila Jumapili ananiambia limetumwa.

MamaWawili
Mdogo wangu, mwambie leo kabla hajalala. Asije akasikia kwa askari.

MpigaSolo
Mrejesho. Nimemwambia. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama lina kasha. Nikasema lipo. Akasema, "Lifute vumbi, usilirudishe chafu."

Nimewasha laini ya zamani. Meseji 31, mbili za tajiri, nyingine zote za mpiga drams anauliza kama niko hai. Yeye amekubali kuandika kwamba hatujalipwa. Kesho tunapanda gari la kwanza la Mbeya, halafu Mafinga. Mzee anabeba ampulifaya. Kwaya ina gitaa la zamani halina nyuzi mbili, ameniazima, nikirudi nianze na hilo.

Ndaga
Nyuzi nitaleta mimi Jumapili. Ndaga fijo, asante sana.