Kijana ameandika maji ni H10O, nisaidieni na hii ekwesheni

mama_section58 (Nakuru)
Wadau habari za jioni. Kijana wangu wa kidato cha tatu yuko likizo, wamepewa kazi ya kemistri, gesi ya butane ikiungua inatoa nini. Ameandika vizuri tu C4H10 + O2 → CO2 + H2O, shida ni kubalansi. Nimemwangalia hapa mezani, amehesabu haidrojeni kumi kushoto, kulia akaona mbili, basi akachukua raba akafuta ile 2 ya maji akaandika H10O!! Namuuliza haya ni maji gani ananiambia mama si sasa ziko sawa. Mimi nilimaliza shule 2001 na kemistri ndio iliniangusha, najua amekosea lakini kumweleza ndio siwezi.

boda_kondele
😂😂 Mathe hayo maji usiyanywe. Mimi sio mwalimu lakini angalia hivi, pikipiki ni fremu moja tairi mbili. Ukiwa na tairi kumi huendi kuzichomelea zote kwa fremu moja, unatafuta fremu tano. Hiyo namba ndogo ndio inasema hiki kitu ni pikipiki, ukiongeza tairi moja hapo ushapata tuktuk.

mwalimu_kakamega
Huyu wa boda amemaliza somo, hiyo ya tuktuk naiba. Maji ukiyaongezea oksijeni moja tu yanakuwa H2O2, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, jaribu kuipikia chai uone. Namba unaweka mbele peke yake. Aanze na kaboni, ziko 4, basi 4CO2. Haidrojeni 10, basi 5H2O. Oksijeni aiache mwisho kwa sababu pale kushoto iko pekee yake, ukiibadilisha haisumbui mwingine.

mama_section58
Tumefika hapo mwalimu, sasa kulia oksijeni ni 8 na 5, jumla 13, na kushoto zinatembea mbili mbili. Tukiweka 6 ni 12, tukiweka 7 ni 14. Kijana ameanza kuangalia raba tena.

mwalimu_kakamega
Mnyang'anye hiyo raba 😂 Andikeni sita na nusu kwanza, halafu zidisheni kila kitu mara mbili:
2C4H10 + 13O2 → 8CO2 + 10H2O
Hesabuni upya, kaboni 8 kwa 8, haidrojeni 20 kwa 20, oksijeni 26 kwa 26. Kila muhula naona mtu anazidisha oksijeni akasahau wengine wote, halafu analia ati amesahihishwa vibaya.

jirani_wa_milimani
Kwani mnateseka na nini, mimi nilikuwa nakisia tu mpaka inakubali na nilipita.

mwalimu_kakamega
Kukisia kunakubali kwa zile rahisi. Siku utaletewa shaba na asidi ya nitriki utalala hapo:
3Cu + 8HNO3 → 3Cu(NO3)2 + 2NO + 4H2O
hiyo nane utaikisia ukitoa wapi?

mama_section58
Amejaribu ya chuma na mvuke, hii sikumgusa kabisa: 3Fe + 4H2O → Fe3O4 + 4H2. Iko sawa?

mwalimu_kakamega
Sawa kabisa, mpe chapati. Ila zile herufi za hali ameweka? Kwa mtihani wa KCSE wanakukata alama kwa hizo. Maji hapo ni mvuke, kwa hivyo ni (g) ya gesi sio (l) ya kimiminika.

mama_section58
Ameweka (l). Amerudia raba.