Naomba ushauri: maji ya kijito ni maangavu, lakini kipimo kimeonyesha nitrati

Mama Kisesa:
Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za kazi. Ninaishi upande wa Kisesa, Mwanza, ambako kijito kidogo kinashuka kutoka kwenye vilima vya mawe na kumwaga maji yake ziwani. Kisima chetu, kilichochimbwa kwa mkono, kipo karibu na ukingo wa kijito hicho. Kila kiangazi mawe ya kijitoni yanavaa utelezi wa kijani, ingawa maji yenyewe ni maangavu kiasi kwamba changarawe inaonekana hadi chini. Nilipeleka sampuli maabara, na majibu yanasema kisima kina nitrati miligramu 14 kwa lita na kijito kina 9, kisha pembeni pameandikwa "kwa hesabu ya naitrojeni". Jirani amenituliza kwamba kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 50, hivyo tuko salama. Hata hivyo nina mjukuu wa miezi miwili ambaye mama yake ni mgonjwa, na maziwa yake ya kopo tunayakoroga kwa maji ya kisima hicho baada ya kuyachemsha. Kingine kinachonitatiza ni chanzo: kiangazi hakuna mvua ya kusomba mbolea mashambani, sasa nitrati inaingiaje kijitoni?

Fundi wa Maabara:
Mama, shikamoo. Tafadhali acha leo hii kumpa mtoto maji hayo. Kiwango cha 50 ni cha nitrati nzima, yaani naitrojeni pamoja na oksijeni iliyoungana nayo, wakati karatasi yako imehesabu naitrojeni iliyomo tu, na kwa hesabu hiyo kiwango ni takribani 11. Ukizidisha 14 kwa 4.43 unapata 62, yaani kisima kimevuka kiwango. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi nitrati; maji yanapopungua sufuriani, nitrati iliyobaki inakolea zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi kwa kupewa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye nitrati nyingi, kwa sababu nitrati ikishageuka mwilini huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi sita. Tumia maji ya bomba yaliyopimwa au ya chupa, na ukiona midomo au kucha zake zinaelekea bluu au kijivu, mkimbize hospitali bila kungoja.

Mwana wa Magu:
Pole sana mama. Kwa maoni yangu tatizo ni wanaofua na kunywesha ng'ombe kijitoni. Serikali ya kijiji iweke faini, maji yatatakata.

Bwana Shamba Mstaafu:
Ndugu yangu wa Magu, ng'ombe na sabuni vinachafua kweli, lakini havielezi kwa nini kisima kimezidi kijito. Mama ameuliza swali la msingi. Kijito kinachotiririka kiangazi, miezi ambayo mvua hainyeshi, kinalishwa na maji ya ardhini yanayojipenyeza polepole kwenye kingo na sakafu yake. Kwa hiyo kilichomo ardhini ndicho kitakachotokea kijitoni. Fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea, hung'ang'ania udongo na husafiri zaidi pale udongo wenyewe unapomomonyoka, lakini nitrati haishikwi na udongo, bali huyeyuka na kushuka na maji hadi yanakokusanyika chini. Kwenye vilima vyetu, ambako juu kuna udongo wa kichanga tunaouita luseni na chini yake mwamba wenye nyufa, safari hiyo haina kizuizi kikubwa. Mto Mirongo pale mjini kila mtu anauona umechafuka na analalamika. Uchafu wa namna hii unaniumiza zaidi, kwa kuwa maji yanabaki maangavu na watu wanaendelea kuyanywa kwa imani.

Mama Kisesa:
Ahsanteni sana, maji ya mtoto tumeshabadilisha. Juu yetu kuna bustani za nyanya na chainizi zinazowekwa urea mara kwa mara, na pia kuna nyumba mpya nyingi zenye vyoo vya shimo. Nitajuaje ni kipi kati ya hivyo? Na tukirekebisha, maji yatakuwa safi lini?

Fundi wa Maabara:
Omba wapime pia kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, na bakteria wa kinyesi. Mkojo una chumvi nyingi, hivyo nitrati na kloridi vikipanda pamoja, vyoo ndivyo vya kushukiwa kwanza. Bakteria wakikosekana, usiviondolee vyoo lawama, kwa sababu bakteria hufa au huchujwa njiani huku nitrati ikiendelea na safari. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima hutajwa sana, ila penye mwamba wenye nyufa hautoshi kukupa uhakika.

Bwana Shamba Mstaafu:
Kuhusu urea, mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na ambayo mmea hauichukui inageuka nitrati ndani ya majuma machache. Wenye bustani waigawe kidogo kidogo, waifukie karibu na mizizi, na wasiiweke mvua kubwa inapokaribia. Hata wao watapunguza gharama. La pili, msikate matete na mafunjo ya ukingoni. Kwenye tope lile lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo tayari ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na mnaweza kuitumia mnapozungumza na kijiji. Kuhusu muda, mama, nitrati iliyokwisha kushuka itaendelea kutoka kwa miaka, pengine miongo, hata kama mbolea ikikoma kesho. Kwa hiyo tafuteni maji mengine ya kunywa sasa, msisubiri kisima kipone.

Mama Kisesa:
Nimeelewa. Nitalipeleka kwenye mkutano wa kijiji nikiwa na karatasi mkononi. Kipimo cha pili nikichukue lini?

Fundi wa Maabara:
Chukua Agosti au Septemba kabla ya vuli, kisha urudie mvua zikishakolea, ili tulinganishe. Andika tarehe na mahali kwenye kila chupa, ziweke kwenye barafu, na zifike maabara ndani ya saa 24.